Viti vya Madhehebu na Meza za Nairobi

Tangu nirudi Nairobi, baada ya miaka mingi ya kazi ya uhasibu katika shirika la misaada mjini Beirut, swali ninaloulizwa zaidi, nyumbani South C na hata kwa kinyozi, ni kwa nini watu wa kule hawachoki kupigana kwa ajili ya dini. Mjomba wangu huwa na jibu kabla sijafungua mdomo: ndivyo walivyozoea. Namheshimu mjomba, lakini hapo tunatofautiana, kwa kuwa nililoliona Lebanon si chuki ya kale inayojiendesha yenyewe, bali ni utaratibu wa kugawana serikali ambao mataifa ya nje yameulinda kwa muda mrefu yakiuita amani.

Kwa maafikiano ya mwaka 1943, ambayo hata hayakuandikwa, rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni na spika Mshia. Viti vya bunge navyo viligawanywa sita kwa Wakristo na vitano kwa Waislamu, kwa kufuata sensa ya mwaka 1932. Sensa rasmi haijafanywa tena tangu hapo, na si kwa uzembe, maana anayenufaika na hesabu ya zamani haitaki hesabu mpya. (Wakenya wanaokumbuka jinsi matokeo ya sensa ya 2009 yalivyofutwa katika wilaya nane za kaskazini hawahitaji maelezo marefu hapa.) Utaratibu huo unaingia hadi chumbani. Madhehebu 18 yanatambuliwa na dola, ndoa hufungwa na kuvunjwa kwa sheria za dini, na vijana wa dini tofauti wanaotaka ndoa ya kiserikali hupanda ndege kwenda Cyprus, jambo ambalo huwashangaza sana ndugu zangu waliofunga ndoa ya kiserikali pale Sheria House, Nairobi.

Vita vilipoanza mwaka 1975, watu walikuwa wakiuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu kitambulisho kilitaja dhehebu la mwenyewe. Kila taifa lililoingia lilikuja na upande wake: Syria mwaka 1976, Israel mwaka 1982, kisha wanajeshi wa Marekani na Ufaransa, ambao waliitwa walinda amani hadi wananchi wengi walipowaona kuwa wanaisaidia serikali ya kundi moja. Tarehe 23 Oktoba 1983 mabomu mawili yaliwaua Wamarekani 241 na Wafaransa 58 kambini mwao, na miezi michache baadaye Rais Reagan wa Marekani akawaondoa wanajeshi wake. Iran nayo ilikuwa imeshaanza kuwafunza waliokuja kuwa Hezbollah, kundi la wanamgambo wa Kishia.

Mapatano yaliyovimaliza vita hivyo yalifikiwa mjini Taif, Saudi Arabia, mwaka 1989. Viti vikawa nusu kwa nusu, na ikaahidiwa kwamba mgawanyo wa kimadhehebu utaondolewa hatua kwa hatua. Hiyo ahadi ndiyo ninayotaka isomwe kwa makini, kwa kuwa haikuwekewa tarehe. Mwaka 1991 ulitolewa msamaha wa jumla, na waliokuwa wakiongoza wanamgambo wakavaa suti. Nabih Berri, kiongozi wa kundi la Amal, amekuwa spika tangu 1992. Oktoba 2019, serikali ilipotaka kutoza kodi ya simu za WhatsApp, watu wa madhehebu yote walijaa barabarani wakiwataka viongozi wote waondoke, bila kumbakiza hata wa kwao. Kwa hiyo mjomba anaposema wamezoea, mimi huuliza ni nani hasa aliyezoea.

Tena si lazima twende mbali. Nikiwa ughaibuni ndiko nilikosikia habari za basi la Mandera la Desemba 2015, ambapo al-Shabaab waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, nao wakakataa, huku baadhi ya wanawake wakiwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa ndani ya basi hilo, alipigwa risasi katika shambulio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Kabla ya hapo, Aprili 2014, serikali yetu ilikuwa imekamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwazuilia katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wakaguliwe vitambulisho. Kwa maoni yangu abiria wa basi lile walimwelewa adui vizuri zaidi kuliko waliopanga msako ule.

Sisi pia tumewahi kuwa wapatanishi. Katika mazungumzo ya Wasomali yaliyofanyika Mbagathi, Nairobi, bunge la watu 275 lilipangwa kwa kanuni ya nne na nusu: viti 61 kwa kila moja ya koo nne kubwa na 31 kwa wengine wote kwa pamoja. Kanuni hiyo ilitoka Arta, Djibouti, mwaka 2000, na ilikusudiwa iwe ya muda. Rais wa serikali hiyo alichaguliwa papa hapa Nairobi mwaka 2004, na hadi leo hiyo nusu inawauma walioandikiwa.

Serikali yetu ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka kati ya Kibaki na Raila, iliyotiwa saini tarehe 28 Februari 2008 mbele ya mpatanishi Kofi Annan, ilikuwa na kasoro tele, lakini ilikwisha na uchaguzi wa 2013, na katikati yake tukapata katiba inayomtaka rais apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ukabila haukufa, ila ule mkate haukugeuka kuwa urithi.

Hata hivyo tarehe peke yake haitoshi. Mapatano ya Sudan Kusini ya mwaka 2018 yaligawa vyeo, wakiwemo makamu watano wa rais, na yalikuwa na ukomo wake. Uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na ule wa Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026, wakati mwaka huohuo wa 2024 Nairobi ilikuwa imewakaribisha wahusika kwa mazungumzo mengine. Mpatanishi aliyegawa vyeo anapaswa pia kusema, siku ileile ya kutia saini, atafanya nini siku ya ukomo ikipita, na ni fedha zipi au utambuzi upi atakaouondoa.