Moshi Ulioonwa Kutoka Mnara Mmoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sisi wa Mwanza tunapenda kupanda mlimani kuomba, na Mungu ametupa vilima vya mawe karibu kila mtaa. Juma hili nimewaza juu ya watu waliopanda mlimani kwa kazi nyingine.

Agosti 1910, huko Marekani, moto uliteketeza misitu ya Idaho na Montana kwa siku mbili, ukaua watu zaidi ya 80. Miaka iliyofuata minara ya kulinda moto ilijengwa kwa wingi vileleni. Mlinzi alikaa huko msimu wote wa kiangazi, mara nyingi peke yake. Radi zikianza kupiga, alipanda juu ya kigoda chenye miguu ya kioo ili umeme usimpitie (huyo Zaburi ya 91 nadhani aliisoma kwa moyo wote). Siku hizi minara mingi haina mlinzi. Watu hupanda njia ndefu za mlimani, hufika juu wakihema, hutazama mandhari, wanashuka.

Katikati ya chumba cha mlinzi kulikuwa na ramani ya duara yenye kifaa cha kulengea. Akiona moshi alilenga, akasoma nyuzi, akapiga simu. Lakini kifaa kile kilimpa upande tu, umbali aliukisia. Je, moshi uko bonde hili au la nyuma yake? Ndiyo maana walioko chini waliuliza na mnara mwingine. Mistari miwili ikikatana kwenye ramani, mahali pa moto panajulikana.

Nasi tukiwa juu Isamilo tukaona moshi upande wa Igombe, tunajua nini? Huenda nyumba inaungua. Huenda mama wa watu anabanika samaki.

Sasa sikieni jinsi tunavyosema kwenye maombi: "Nimeoneshwa jambo juu ya dada fulani." Sikatai karama. Paulo naye hakuzikataa, ila aliagiza manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue (1 Kor 14:29). Aliyeoneshwa ameona upande. Akitaja na nyumba, hapo anakisia.

Kanda yetu ya Ziwa inajua makisio ya namna hii yalivyomwaga damu. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, kuni na mavi ya ng'ombe, miaka nenda miaka rudi. Na wapo waumini walionyamaza. Wengine walikubali kwa kichwa.

Torati ilikwisha kuweka ulinzi: neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na waamuzi watafute kwa bidii (Kumb 19:15-18). Hapo kwenye bidii ndipo tunapochoka upesi. Maana mnara wa pili sharti uwe juu ya kilima kingine. Rafiki yako uliyemsimulia jana, leo akisema "hata mimi nahisi hivyo", hajaona moshi wowote, amekusikia wewe. Mkiwa watano kwenye kundi mliosikia kwa mtu mmoja, bado mko kwenye mnara mmoja, mmebanana tu.

Msomeni Nabothi, yule ambaye mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, katika 1 Wafalme 21. Mashahidi walikuwa wawili, kama sheria ilivyotaka, wakasimama mbele ya watu wakasema kitu kimoja. Wote wawili walitokana na barua ya Yezebeli, mke wa mfalme. Wazee wa mji walijua, maana barua waliisoma wenyewe, na mtu akapigwa mawe mchana kweupe kwa utaratibu uliokamilika.

Jumatano tutaisoma sura hiyo yote, hasa mstari wa 8 hadi wa 13. Mwenye neno alilooneshwa juu ya mtu, kabla hajalileta kwenye kundi, aanze kwa kwenda nyumbani kwa mtu huyo, ampe shikamoo kama ni mzee, aketi, amsikilize.