Siku moja jikoni mwangu Dimbani, na mtungi wa gesi chini ya gunia

Hapa kijijini kwetu Dimbani, Kizimkazi, kusini ya Unguja, wananiita mpishi wa wazungu, na wakisema hivyo huwa wanacheka kidogo. Wanaona gari limesimama, wageni wanne wameshuka, wamekaa mkekani, wamekula, wamepiga picha, wameondoka. Pesa ya bure hiyo, wanasema. Basi nawaandikia siku yangu ya Jumatano iliyopita, muone hiyo bure yenyewe ilivyo.

Saa kumi na moja alfajiri. Sala, chai, kumtayarisha mwanangu kwa skuli, kufagia uwanja. Haya kila mama anayajua.

Saa moja. Namtoa pweza kwenye friza. Ndiyo, friza. Nilimnunua juzi, maji ya bamvua, kwa jirani yangu aliyekuwa anarudi pwani na watatu. Bibi yangu kule Makunduchi nilikozaliwa alikuwa akimpigapiga pweza juu ya jiwe mpaka mkono unamuuma, na mimi nilifunzwa hivyo hivyo. Lakini pweza akilala siku mbili kwenye barafu hulainika mwenyewe, na mabega yangu si ya bibi. Hii ndiyo siri ya pweza wangu anayesifiwa, sasa mmeijua.

Saa tatu wifi yangu anafika. Yeye anashika mbuzi, anakuna nazi nne. Mimi natwanga thomu na tangawizi, nakata tungule, nachagua mchele kwenye ungo. Tui la kwanza, lile zito, tunaliweka kando limefunikwa. La pili na la tatu ni la wali. Pweza anachemka kwenye gesi kwa maji yake mwenyewe, chumvi simtii mpaka nione kisu kinapita. Wali uko kwenye mafiga, kwa sababu wali wa nazi ninaoutaka mimi lazima upaliwe makaa juu ya kifuniko, na gesi haiwezi hilo. Kila kitu na moto wake.

Wageni walikuwa waje saa sita. Safari yao huwa ni moja: asubuhi baharini kutazama pomboo, kisha msikiti wa kale, kisha kwangu kujifunza kupika na kula. Saa sita kasoro ukaingia ujumbe wa kijana anayewatembeza: "Dada, pomboo hawajaonekana, tutachelewa kidogo."

Kidogo. Niwaeleze kidogo ni nini kwa mpishi. Wali ulishapaliwa. Ukiuacha juu ya moto unaungua, ukiuepua unapoa, na wali wa nazi ukipoa unashikamana. Pweza kesha lainika, akiendelea kuchemka anakuwa si pweza tena. Tui zito huwezi kulitia mapema, maana likikaa jikoni linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Kwa hiyo unakaa pale na moshi, unatoa kaa moja, unarudisha kaa moja, kama mtu anayelea mgonjwa. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukasali kwa zamu. Saa saba. Saa saba na nusu. Wifi akaenda kumpokea mtoto wake skuli akarudi. Pomboo wao walionekana saa saba, nadhani, sikuuliza.

Saa nane wakafika, wamechomwa na jua, wana chumvi mpaka kwenye nyusi. Msikitini walikuwa wamepita, na mmoja, mama mtu mzima mwenye kamera kubwa, alikuwa hajafurahi. Aliambiwa msikiti wa zamani kuliko yote Unguja, akaenda akaona bati. Kijana akanitafsiria huku anaona haya. Nikamwambia mwambie maandishi ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, pale kwenye mihrabu yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, ndiyo 1107 kwa hesabu yao, na adhuhuri ya leo watu wamesali mle ndani. Msikiti unaosaliwa mvua haitakiwi kuingia. Akatikisa kichwa kwa adabu, lakini nilijua hilo bati litanifuata mpaka jikoni.

Na lilinifuata. Alipoingia tu akauona mtungi wa gesi. Je, unaweza kuondolewa? Una kilo kumi na tano na mpira wake, nao uko na pweza juu. Tukaufunika gunia. Kisha ndoo ya plastiki. Ndoo ikatoka. Kisha akaona nazi zimeshakunwa, na yeye alitaka picha ya kukuna. Nikafua nazi nyingine, nikakaa kwenye mbuzi. Mwanga mbaya, nihamie mlangoni. Nikahamia mlangoni, nazi imekwisha. Nazi ya sita ikafuliwa, wifi ananitazama kwa jicho ambalo sisi wawili tu tunalijua.

Halafu dera langu. Nilivaa dera jipya la kijani, nimeshalifua na kulipiga pasi kwa ajili yao. Akasema kwa upole sana, nikubali kuwa alikuwa mpole, je, sina vazi la asili? Nikaingia ndani, nikafungua kasha, nikavuta kanga ya juu kabisa. Nikajifunga. Akafurahi, akapiga, akasogea karibu, akauliza maneno yale yanasema nini.

"Mdhaniaye ndiye kumbe siye."

Kijana akakohoa. Akamwambia ni maneno ya kukaribisha wageni.

Wifi akakimbilia uani, nikamsikia anacheka mpaka anapaliwa. Mimi nilibana midomo nikatia tui zito kwenye pweza, nikawa nakoroga polepole upande mmoja, na hapo angalau hakuna aliyenihamisha.

Mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliposikia mimi ni wa Makunduchi akauliza habari za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Nikamweleza: Julai, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanaume wanapigana kwa migomba wamalize vinyongo vya mwaka, wanawake wamevaa vipya wanaimba. Akauliza kama yanaweza kuonyeshwa wiki hii, maana anaondoka Jumamosi.

Kula walikula. Sinia mbili, pweza, kachumbari, mchicha, juisi ya ukwaju. Mama wa kamera hakutaka kijiko, akala kwa mkono, na baada ya tonge la tatu kamera ikakaa kando, hilo nalihesabu. Lakini aliyenimaliza ni mzee mmoja wao ambaye tangu kufika hakusema neno. Alikula mpaka mwisho, akainuka, akachungulia sufuria ya wali, akanyoosha kidole chini kabisa. Ukoko! Nikaubandua kwa upawa, mwekundu, unanukia nazi, nikampa wote. Mwanangu akitoka skuli ukoko ndio anaoutafuta kwanza, na siku hiyo aliukosa.

Baada ya hapo sikuitazama saa. Waliondoka alasiri imeshaadhiniwa zamani, nikasali mgongo umekufa. Masufuria manne ya masizi, sinia, bilauri, mkeka wa kukung'uta, mchanga kila mahali. Pesa? Ofisi inayowaleta hulipa mwisho wa mwezi, na mwezi wao una siku nyingi kuliko wetu. Zile nazi mbili za picha hazimo kwenye hesabu. Mama wa kamera aliniachia kitu mkononi wakati wa kuagana, nikagawana na wifi, sitaki kumdhulumu.

Usiku nimelala chali sakafuni, miguu ukutani, mwanangu bado amenuna kwa ajili ya ukoko wake, simu ikalia. Kijana wa kutembeza: "Dada, kesho watu sita, saa sita kamili. Mmoja hali nazi."

Hali nazi. Nikaisoma tena. Kisha nikainuka kutazama kama mafuta ya alizeti yapo.