Live at Leeds, ile fupi ya nyimbo sita

Wiki hii yote nimeshinda na Live at Leeds ya The Who, bendi ya rock ya Uingereza, masikioni, na nasema ile ya kwanza, ile ya 1970 yenye nyimbo sita tu, sio hizi zilizokuja kuongezewa baadaye. Kwangu mimi hakuna albamu ya laivu ya rock inayoifikia. Nimeshasema, mnirushie mawe.

Kwanza cheki jamaa walivyo wachache. Gitaa moja la Pete Townshend, besi la John Entwistle, Keith Moon kwenye dramu, Roger Daltrey anaimba, basi. Hakuna kinanda wala gitaa la pili la kujazia. Townshend akiingia kwenye solo unategemea muziki upwaye, lakini wapi, Entwistle anapanda na besi linanguruma mpaka unadhani kuna mtu wa tano jukwaani, huku Moon hatulii hata sekunde. Kwenye Young Man Blues kuna zile sehemu wote wananyamaza Daltrey aimbe peke yake alafu wanarudi kwa mpigo mmoja, aisee mi kila mara nashtuka na wakati najua kabisa inakuja. Halafu My Generation, karibu dakika 15, wanazama kwenye vipande vya Tommy, albamu yao ya hadithi ya 1969, wanaibuka, wanapunguza hadi unadhani imeisha, wanawasha tena. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunajua sebene, maneno yanaisha gitaa linashika usukani, sasa hii ni kama sebene ila hapa hujui gari linaelekea wapi na nahisi hata wao walikuwa hawajui, ndo raha yenyewe hiyo.

Na ilirekodiwa wapi? Bwaloni! Ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, tarehe 14 Februari 1970. Kesho yake walipiga mji wa Hull, ila kule besi halikuingia kwenye tepu za nyimbo za mwanzo, kwa hiyo ikatoka ya Leeds. Kava lenyewe karatasi la kaki limegongwa mhuri tu, waliigiza zile rekodi za wizi zilizokuwa zinauzwa kipindi kile, na kwenye lebo wakaandika kabisa kwamba mikwaruzo ni sawa, isirekebishwe.

Sasa watu wataniletea Made in Japan ya Deep Purple, Agosti 1972, Osaka na Tokyo. Naikubali sana, sauti ya Ian Gillan kwenye Child in Time ni balaa, na Blackmore wa gitaa na Jon Lord wa kinanda wanavyojibizana ni ufundi mtupu. Ila pale nasikia mafundi wanaojua kazi yao, Leeds nasikia watu wanaoweza kuanguka dakika yoyote na hawaanguki. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978, tamu mno, lakini prodyuza wao Tony Visconti alikuja kusema sehemu kubwa ilirudiwa studio, wenyewe wakabisha, na toka nijue hiyo kesi nasikiliza kama mpelelezi. Ni kama nikiwa shoo msanii anapiga playback, hata akicheza vizuri vipi, akili yangu iko kwenye mdomo wake, unaendana au hauendani.

Turudi kwenye ile ndefu. 1995 waliongeza zikafika nyimbo 14, 2001 wakaweka na sehemu yote ya Tommy waliyoipiga usiku ule. Kama kumbukumbu ya shoo ni dhahabu, porojo za katikati ya nyimbo zipo, Townshend na Moon wanachekesha kweli. Lakini kwenye ile fupi hupewi nafasi ya kupumua, Magic Bus ya mwisho ikiisha unakuta umekunja ngumi. Ndefu naisikiliza nikiwa napika.

Wa kunisumbua hapa ni shabiki wa bendi ya Allman Brothers tu na At Fillmore East yake ya 1971, huyo aje tukeshe.