Tulivyoukatia Rufaa Ukuta wa Ngamiani

Ukuta ninaousema uko Ngamiani, jijini Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Ni ubavu wa nyumba ya zamani unaotazamana na kijiwe cha kahawa, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 haukuwa na kitu zaidi ya tangazo la sabuni lililofifia. Vijana wa kijiwe wakachangishana fedha za rangi, mwenye nyumba akaridhia, wakamfuata fundi mmoja anayechora vibao vya saluni na migongo ya bajaji. Wakamwambia wanataka anime, zile katuni za Kijapani.

Fundi hakuwa mgeni wa anime. Alianza kuziona kwenye kibanda umiza angali mwanafunzi, na siku hizi mabegi ya watoto yamejaa sura hizo. Lakini hakumchora mhusika wa mtu. Alimchora msichana wa Tanga: macho yale makubwa yanayomeremeta, ushungi unapeperushwa na upepo wa bahari, kiunoni kanga yenye jina lake limeandikwa herufi kwa herufi, yuko juu ya baiskeli anapita mnara wa saa. Anayeijua Tanga anajua kuwa baiskeli kwa wanawake wa mji huu ni usafiri wa kila siku, wa sokoni na wa kazini. Upande wa pili akamchora mvulana mwenye tochi ndani ya mapango ya Amboni, mawe ya chokaa yamening'inia juu ya kichwa chake, popo wamemzunguka.

Nilikuwa napita kila jioni nikitoka dukani, nikamwona akifanya kazi. Kwanza aliugawa ukuta vyumba vyumba kwa chaki, akahamisha mchoro kutoka kwenye daftari chumba baada ya chumba. Kisha akapaka rangi za ndani, bapa kabisa, bila kufifisha popote, na mwisho akazungusha mistari ya nje kwa rangi nyeusi ya mafuta. Anime inataka hivyo. Mistari ile myeusi ndiyo iliyokuja kutuletea taabu.

Mimi nilikuwa nacheza mchezo wa simu unaotumia ramani halisi ya dunia. Unatoka nje, unatembea, na ukifika penye kitu cha kweli, iwe sanamu, msikiti wa kale au mchoro wa ukutani, simu inakufungulia kituo. Vituo hivyo huombwa na wachezaji wenyewe. Unapiga picha ya kitu na picha ya mazingira yake, unaandika jina na maelezo, halafu wachezaji wengine, wa popote walipo, wanapiga kura. Michezo ya namna hii ina chimbuko ninalolipenda: Mei 2000 Marekani iliacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS, ile ya setilaiti inayoonyesha mahali ulipo, inayotumiwa na raia, na siku chache hazijapita, mtu mmoja huko Oregon akaficha ndoo porini, akatangaza namba za mahali ilipo, watu wakaenda kuitafuta kwa miguu yao. Shabaha ni ileile hadi leo, mtu atoke akaone kilichopo.

Sasa tazama ramani ya Tanga ilivyokuwa. Mnara wa saa ulikuwemo, boma la Wajerumani lilikuwemo, misikiti na makanisa kadhaa. Ngamiani, ambako ndiko watu tunakoishi, unatembea barabara baada ya barabara na skrini haina kitu. Ndiyo maana niliuombea ukuta ule kituo kwa moyo wote. Ulipokubaliwa, picha zake mbili, ya baiskeli na ya popo, zikaonekana mchezoni, na vijana wa Chumbageni na Raskazone ambao hawakuwahi kuwa na shughuli mtaani kwetu wakaanza kuja, wakikaa na kuagiza kahawa na kashata.

Kusi lilipoanza kuvuma, picha zote mbili zikafutwa. Kituo kilibaki, ila mahali pa picha pakawa na duara la kijivu. Ujumbe nilioletewa ulikuwa mfupi na ulitaja mambo mawili: kwamba picha hazionyeshi kitu halisi kilichopo mahali hapo, na kwamba zinatumia kazi ya mtu mwingine. Maana yake, mtu mmoja mahali fulani aliitazama simu yake, akaona katuni ya Kijapani yenye mistari myeusi na rangi bapa, akaamua kwamba nimeichukua mtandaoni nikaibandika.

Kanuni yenyewe siipingi. Wapo wanaobandika wahusika wa mchezo juu ya picha za minara na kuzituma, na zisipofutwa ramani inajaa uongo. Kilichoniumiza ni kile kingine, kwamba kitu cha Tanga kikichorwa kwa mtindo uliotoka mbali kinahesabiwa si cha Tanga tena. Msichana yule ana kanga ya Kiswahili mwilini na mnara wetu wa saa nyuma yake. Ni studio gani ya Tokyo iliyomchora?

Nilimwendea fundi kwa aibu kidogo, maana ilikuwa kama namwambia kaitwa mwizi. Alisikiliza akiwa anasafisha brashi kwa tina. Akaniuliza, "Wanataka nini ili waamini, mwanangu?" Nikamwambia wanataka ushahidi. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake la mistari, lenye mafuta kwenye kona, ndani yake msichana yupo mara nyingi: mara bila ushungi, mara baiskeli imeelekea kushoto, mara mnara umekuwa mkubwa mno akaukata kwa kalamu nyekundu. Kijana mmoja wa kijiwe naye alikuwa na picha kwenye simu, fundi yuko juu ya ngazi, nusu ya ukuta ina rangi na nusu bado ni chaki. Hiyo ilikuwa dhahabu. Nilizipiga skani zote pale steshenari ninapofanya kazi, bosi akaniachia mashine baada ya saa za kazi.

Ushahidi uliokuwa bora kuliko yote, hata hivyo, tuliupata ukutani penyewe. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na lipu. Miezi michache tu ilikuwa imetosha kuleta ufa mwembamba ulioanzia kwenye bomba la mvua, ukapita kwenye shavu la msichana na kukata jicho lake la kulia katikati. Mchana, mwarobaini wa upande wa pili wa barabara unatupa kivuli cha majani juu ya gurudumu la mbele. Katuni iliyobandikwa kwa programu haipasuki pamoja na ukuta, wala kivuli cha mti hakipandi juu yake. Nilipiga picha asubuhi, adhuhuri na alasiri nikiwa nimesimama palepale, ili mkaguzi aone kivuli kinavyohama na ufa ukibaki mahali pake. Kisha nikarekodi video bila kukata, nikitembea kutoka njia panda hadi kwenye ukuta, vibao vya maduka vikisomeka njia nzima.

Wazee wa kahawa walikuwa wakifuatilia. Mmoja wao, ambaye mwanzoni hakuyapenda yale macho makubwa, aliniita pembeni. "Mjukuu wangu, hivi huyo anayesema ukuta haupo yuko wapi?" Nikamjibu kwamba hata mimi simjui, huenda yuko nchi nyingine. "Basi muandikie kwamba mimi naegemeza mgongo wangu hapo kila siku baada ya alasiri. Akitaka na aje aegemee." Nilimpiga picha ameegemea, kwa ridhaa yake, kofia imeshuka usoni, mgongo uko kwenye mwamba wa Amboni.

Nafasi ya maelezo kwenye fomu ya rufaa ilikuwa ndogo. Niliandika kwanza yote yaliyokuwa moyoni, kisha nikapunguza. Nilibakiza ufa, kivuli, daftari, video na mfano mmoja: mji wa Sakaiminato nchini Japani, ambako mchoraji wa katuni Mizuki Shigeru alikulia. Tangu mwaka 1993 wameanza kusimamisha barabarani sanamu za shaba za viumbe wake, na leo zimezidi 170. Watu husafiri kwenda kuzitazama, na hakuna anayesema si alama za mji ule kwa kuwa zimetoka kwenye katuni. Nikamalizia kwa kuandika kwamba wahusika wa ukuta wetu hawamo katika katuni ya mtu yeyote, wamezaliwa Ngamiani, na aliyewachora yuko tayari kusaini.

Majibu yalichukua muda. Yalipokuja, picha ya baiskeli ilirudishwa. Ya popo ilikataliwa tena kwa sentensi ileile ya mwanzo, kana kwamba hakuna aliyefungua ile video. Nilikasirika, nikalala na hasira, kesho yake nikaamua kuacha kubishania picha ile na kutuma nyingine. Ile ya kwanza niliipiga karibu mno, giza la pango likajaa fremu yote. Safari hii nilirudi nyuma hadi kwenye jiko la muuza kahawa, nikaliingiza benchi, dirisha la mwenye nyumba na kipande cha mwarobaini. Wapiga kura waliipitisha, na hadi ninapoandika haya zote mbili zipo.

Nilikwenda kumwonyesha fundi. Alizikuza kwa vidole viwili, akautazama sana ule ufa, akasema ataziba lipu kabla ya vuli. Kisha akaniambia amepata kazi nyingine, ukuta wa karakana ya baiskeli huko Makorora, na wenye kazi wametaka anime vilevile.

"Kesho asubuhi napiga chokaa," alisema. "Njoo na simu yako mapema, upige ukuta ukiwa mtupu."