Nilivyochomoa hela zangu kwenye mikopo ya majengo

Miaka ile kila aliyewahi kuweka pauni mia mbili mtandaoni alikuwa na ushauri uleule: "Dada, weka hela, dhamana ni jengo, na jengo halikimbii." Aliyeusema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa mjini Reading, Uingereza. Benki nyingi zilikuwa hazitoi hata asilimia moja, riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilishushwa hadi robo ya asilimia mwaka 2016, na mitandao ya kukopeshana ilikuwa inatangaza kumi na mbili. Niliingia na hela zangu mwenyewe, elfu saba na ushee. Za kikundi nilikataa katakata, na kwa kuwa mweka hazina ni mimi, nilinuniwa mpaka sherehe za mwisho wa mwaka.

Kwa asiyejua mchezo ulivyo: mwendelezaji anataka kujenga fleti, benki imemkatalia au inamzungusha. Mtandao unakusanya hela za watu kama mimi, unamkopesha kwa mwaka mmoja hivi, na kiwanja kinawekwa rehani. Akiuza fleti mnalipwa. Mtandao wenyewe unakata ada yake mwanzoni, mkopo unapotoka, na aliyekwisha kulipwa hana haraka ya kujua kama nyinyi mtalipwa. Ule mfuko wa fidia uliokuwa unalinda akiba ya benki hadi pauni 85,000 huku haukugusi.

Kilichonishangaza ni jinsi watu waliokulia Dar walivyoimeza ile ahadi ya mitandao kwamba mkopo hauzidi "asilimia 70 ya thamani". Thamani ya nini? Mara nyingi ni ya jengo likishakwisha, limepakwa rangi na mapazia yananing'inia. Baba yangu alikuwa fundi mwashi Tabata. Nimeona mapagala yakiuzwa kwa bei ya kiwanja kitupu, na mengine chini ya hapo, kwa sababu mnunuzi anahesabu na gharama ya kubomoa. Uingereza ni hivyohivyo. Mjenzi akiishiwa katikati, hakuna fleti ya kuuza, kuna pagala, na asilimia 70 yenu inageuka mia na kitu.

Basi kulikuwa na mkopo mmoja niliokuwa nimeuchangia, kiwanda cha zamani cha sufu karibu na Bradford kinachogeuzwa fleti. Ripoti ya mthamini ilisema kilivyo sasa hivi, kabla ya kazi yoyote, kina thamani ya kama milioni moja na laki nne. Nikaenda kwenye tovuti ya HM Land Registry, msajili wa ardhi wa huku, nikalipa pauni 3, nikapata nakala ya hati. Hati za huku, kama mali iliuzwa miaka ya karibuni, mara nyingi zinaandika bei aliyolipa mwenye nayo. Alikinunua mwaka uliotangulia kwa laki sita na nusu! Chini yake wameorodheshwa wenye rehani kwa zamu zao, kwa hiyo unaona kama wewe ni wa kwanza kulipwa au unasubiri mwingine ashibe. Halafu nikapita Companies House, kwa msajili wa makampuni, ambako ni bure. Kampuni ya mkopaji ilikuwa imechelewa kuwasilisha hesabu, na mkurugenzi wake aliacha nyuma kampuni tatu nne zilizofutwa.

Niliamua kwenda kuona. Watu huenda kutazama saiti Jumapili, wanakuta kimya, wanajiambia mafundi wamepumzika. Mimi nilikwenda Jumatano, kazini nikasema nina miadi ya daktari wa meno. Treni ilinila zaidi ya riba ya mwezi mzima, na huko kulikuwa na mvua ya kukera. Taarifa ya mtandao wiki ile ilisema paa limekamilika na kazi za ndani zinaendelea vizuri. Niliyoyaona mimi: geti limefungwa kwa kufuli lenye kutu, magugu yamepita katikati ya tofali zilizopangwa, na njiwa wanaingia na kutoka juu, kwenye hilo paa lililokamilika.

Nilivuka barabara nikaingia duka la chipsi. Mwenye duka aliniona nikipiga picha.

"Unataka kukinunua?"

"Nafikiri nimeshakinunua," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Lori la mwisho la saruji, alisema, lilionekana kabla ya Krismasi, na sisi tulikuwa karibu na Pasaka. Mkandarasi aliondoka na deni la chakula hapo kwake. Yaani hata chipsi alikopa.

Nilimpigia mthamini, nikidhani nimemkamata. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema ripoti ile iliandikwa kwa ajili ya mkopeshaji, yaani mtandao, na mimi simo. Ukizisoma utakuta kweli imeandikwa, kwa herufi ndogo. Mtandao nao ulinijibu kwa barua ya kunakili, "tunafuatilia kwa karibu".

Kuuza ndiko kulikonipa raha. Mitandao mingi ilikuwa na soko la ndani la kuuziana vipande vya mikopo, na wanakuambia unatoka wakati wowote. Unatoka akiwepo mnunuzi. Vipande vyangu vya kiwanda vilikaa kwenye foleni vikidoda, na ukivitoa ili kuvipanga upya unarudi mkiani. Ndipo nikagundua riba zinalipwa tarehe mosi, na watu wengi wameweka mpangilio wa kuwekeza tena bila kubonyeza chochote. Alfajiri ya tarehe mosi hela zinamwagika sokoni zenyewe na kununua kilichopo. Nikawa naiacha foleni yangu ijisogeze, nisiiguse, na tarehe mosi naamka kabla ya adhana kutazama. Pauni arobaini, pauni kumi na tano, mara mia mbili kwa mpigo. Mkopo ukishachelewa kulipwa wanaufungia usiuzwe, kwa hiyo nilianza na ile yenye muda mfupi uliobaki.

Kuna aliyeniuliza kama sikuona haya kuwauzia wenzangu. Nilichokijua nilikuwa nimewaandikia wenye mtandao, na pauni 3 kila mtu alikuwa nazo.

Mei 2019 ulianguka Lendy, mmoja wa mitandao mikubwa ya mikopo ya majengo, uliodhamini hadi mashindano ya mashua ya Cowes. Hela za watu zaidi ya pauni milioni 160 zilikuwa bado nje. Oktoba ikafuata FundingSecure. Desemba mwaka huohuo mamlaka ya fedha, FCA, ikaweka kanuni kwamba mgeni asiyepata ushauri wa kitaalamu asiingize zaidi ya asilimia 10 ya hela zake za kuwekeza. Mtandao niliokuwemo mimi ulifunga baadaye, wakati huo nilishatoa karibu zote. Mwenyekiti alikuwa na zake ndani, sitaji ngapi, mkewe husoma mambo haya.

Zilinibakia kama mia nane kwenye nyumba za Wales ambazo hazikupata mnunuzi hata tarehe mosi. Mfilisi aliuza kiwanja, zikarudi senti thelathini na kitu kwa kila pauni, baada ya wasimamizi, wanasheria na madalali kuchukua chao kwanza. Salio bado linadaiwa. Kila miezi sita inakuja ripoti ndefu, na huwa naanzia kwenye jedwali la malipo yao, wanaandika hata saa walizotumia kujibu simu zetu.