Siku moja na darubini ya mfukoni, kutoka Sokoke hadi Sabaki

Saa kumi na moja alfajiri

Kwa anayeongoza wageni wa kutazama ndege Malindi, ratiba hupangwa na jua. Pwani yetu yaelekea mashariki. Asubuhi ukisimama ufuoni kutazama bahari, jua liko usoni na ndege wote huonekana weusi, hata wale weupe. Kwa hiyo asubuhi ni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, jioni ni ya mlango wa mto Sabaki. Adhuhuri ni ya kivuli na usafi.

Darubini ya kazi ni ile ndogo ya kukunja, 8x25: yavuta mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 25. Mgeni aliyelala kwenye chumba chenye kiyoyozi huambiwa mapema aiache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, robo saa hivi. Ikitoka baridi moja kwa moja kwenye hewa yetu nzito, vioo huingia ukungu papo hapo, na kuupangusa ni kazi bure kwa sababu unarudi.

Saa kumi na mbili na nusu, langoni

Kabla ya kuingia msituni, kila mmoja hurekebisha yake. Za kukunja zina bawaba mbili, na hapo ndipo wengi hukwama: upande mmoja umefunguka sana, mwingine kidogo, na kivuli cheusi kinacheza machoni. Dawa yake ni kufungua upande mmoja mpaka mwisho, kisha kurekebisha kwa upande wa pili pekee hadi miduara miwili iwe mmoja. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho. Asiye na miwani avipandishe.

Halafu macho yenyewe. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama maandishi ya kibao kilicho umbali wa hatua 30 au 40, zungusha gurudumu la katikati hadi herufi zikae wazi. Sasa ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Pete hiyo hupenda kujisogeza mfukoni. Tone dogo la rangi ya kucha, nusu kwenye pete na nusu kwenye mwili wa darubini, litakuonyesha kila asubuhi kama imehama.

Saa moja hadi saa tatu, chini ya miti

Hapa ndipo udogo hudai gharama yake. Gawanya 25 kwa 8: unapata mwanga wa upana wa milimita 3 hivi unaoingia jichoni. Alfajiri msituni mboni ya jicho hupanuka kuliko hapo, kwa hiyo picha huwa na giza. Mwenye 10x25 ana milimita 2.5 tu, na mtetemo wa mkono wake umekuzwa mara 10. Watu huinunua kwa sababu 10 ni kubwa kuliko 8. Kwa darubini ndogo tungewakataza kabisa. Anayekuja Sokoke kwa ajili ya ndege wa vichakani na achukue 8x32, avumilie uzito.

Yule bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana ndani ya vichaka vizito vya udongo mwekundu. Ukishaonyeshwa tawi, usimtafute kwa darubini. Mkazie macho, kisha inua darubini mbele ya macho bila kuyahamisha. Viwiko vikae mbavuni, vidole gumba viguse mashavu. Eneo la miti ya mrihi, lenye mchanga mweupe, lina mwanga zaidi, na huko 8x25 hutosha kwa chozi na kwera walio juu ya miti, ingawa shingo italalamika kabla ya kioo.

Jambo moja la dawa ya mbu: nyingi zina kemikali iitwayo DEET, nayo hula plastiki na mpira. Jipake, nawa viganja, ndipo ushike darubini. Ganda la mpira linalonata kama gundi baada ya miaka michache mara nyingi limeumizwa na mikono yenye dawa au mafuta ya jua.

Saa nne, Gede

Kituo kifupi kwenye mradi wa vipepeo, ulioanza 1993. Darubini inayoweza kulenga kwa karibu, mita 2 hivi, huonyesha michoro ya bawa la kipepeo bila kumsogelea. Jaribu hilo dukani kabla ya kununua: tazama viatu vyako mwenyewe.

Saa sita hadi saa tisa

Joto. Darubini haiachwi juu ya dashibodi hata kwa muda wa kunywa soda. Gundi inayoshika prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyopinda mwanga, hulegea, prizimu ikisogea kidogo tu mirija miwili ya darubini haitazami tena mahali pamoja, na mwenye darubini huumwa kichwa asijue kwa nini.

Huu ndio wakati wa kusafisha, na mpangilio hauvurugwi. Kwanza pulizia mchanga. Mpira wa kunyonyea kamasi za mtoto mchanga, unaouzwa duka la dawa, hufanya kazi hii vizuri. Mdomo hutoa mate. Pili, brashi laini, darubini ikiwa imeinamishwa ili chembe zianguke. Tatu, ondoa chumvi. Ikiwa darubini imezibwa isiingie maji, imwagie maji matamu kidogo kutoka chupani. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, basi tumia ya chupa au ya mvua. Ikiwa haijazibwa, tumia kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa. Mwisho, kitambaa cha lenzi, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kukandamiza. Dawa ya kusafishia hutiwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, maana hupenya pembeni mwa lenzi na kuingia ndani.

Ncha ya leso, fulana au karatasi ya choo zote huburuta mchanga. Michirizi midogo haionekani leo; itaonekana siku utakapotazama upande wa jua.

Gurudumu likisikika linasaga, pulizia, zungusha polepole, pulizia tena. Usitie mafuta. Mafuta hukusanya mchanga na mwishowe hufika kwenye prizimu.

Saa kumi jioni, Sabaki

Sasa jua liko mgongoni. Maji yakijaa, ndege husukumwa kutoka kwenye matope na kukusanyika kwenye fungu za mchanga: vitwitwi, buabua, shakwe, na heroe msimu wao ukifika. Ukija mapema zaidi, mazigazi juu ya mchanga huifanya picha icheze kama iko nyuma ya moto, na hakuna darubini inayotibu hilo.

Tuseme wazi: vitwitwi wadogo walio ng'ambo ya mto hawatambuliki kwa 8x25. Hapo ni teleskopu yenye miguu mitatu. Darubini ndogo hukuonyesha wako wapi, na pia kama kile kigogo majini ni kiboko, jambo ambalo Sabaki lina uzito wake.

Wakati wa Kusi upepo huleta mvuke wa chumvi hata ukiwa mbali na maji. Vaa ukanda mshazari begani, darubini chini ya kwapa. Kagua ukanda pale unapopita kwenye kijipete. Jasho na chumvi hula hapo kwanza.

Upeo wa bahari ni kipimo cha bure. Tazama ule mstari, kisha sogeza darubini polepole kutoka usoni, kama sentimita 10. Mstari ukibaki sawa kwenye miduara yote miwili, ni nzima. Ukipanda ngazi upande mmoja, imepigwa. Ya bei nafuu haistahili fundi.

Saa mbili usiku

Kuvu ndiyo huua darubini nyingi za pwani. Hupenda unyevu wa hewa unaozidi kama asilimia 70, nasi tunao karibu mwaka mzima. Mulika kurunzi kupitia lenzi ya mbele ukitazama kutoka nyuma: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndizo hizo, na zikiwa ndani hazipanguswi.

Ikikauka, isirudi kwenye mfuko wake, hasa wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Iwekwe kwenye kopo la chakula lenye kifuniko cha mpira, pamoja na gramu 50 hivi za chembe za silika, zinazonyonya unyevu. Mchele hauwezi kuchukua nafasi yake, hutoa vumbi. Chembe za rangi ya machungwa zikigeuka kijani zimeshiba: zitie kwenye sufuria kavu, moto mdogo kabisa, ukikoroga mpaka rangi irudi, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha zirudi koponi.