Nilivyoliboresha Duka Letu la Vitabu la Mtandaoni kwa Kuanzia kwenye Orodha

Nilipokabidhiwa jukumu la kuliboresha duka la vitabu la mtandaoni linaloendeshwa na familia yetu, karibu kila mtu nyumbani aliamini kwamba kasoro yake ilikuwa sura, na tayari palikuwa na mazungumzo ya kumlipa mtaalamu abadilishe rangi na mpangilio. Niliomba kwanza nisome ujumbe wote ambao wateja walikuwa wametuandikia. Mmoja alitafuta kitabu asikipate, ilhali kilikuwa rafuni. Mwingine alilipia nakala iliyokwisha kuuzwa dukani. Wa tatu aliagiza toleo jipya akapelekewa la zamani. Malalamiko hayo yote yalikuwa na chanzo kimoja, yaani orodha yetu ya vitabu, kwa hiyo nikashauri fedha za urembo zisubiri.

Orodha hiyo ilitegemea majina ya vitabu peke yake, tena yaliyoandikwa na watu tofauti kwa namna tofauti. Niliamua kila kitabu kitambulike kwa ISBN, namba ambayo hutolewa kwa kila toleo na kila umbo, hivi kwamba chapa yenye jalada gumu na ile yenye jalada laini za kitabu kilekile hazitumii namba moja. Tangu Januari 2007 namba hiyo ina tarakimu 13; vitabu vingi vya kabla ya hapo vina tarakimu 10, na ya mwisho huweza kuwa herufi X. Kuigeuza namba ya zamani kuwa mpya si suala la kutanguliza 978 tu, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na lazima ikokotolewe upya: tarakimu 12 za kwanza huzidishwa kwa 1 na 3 kwa kupokezana, zikajumlishwa, kisha hutafutwa tarakimu itakayoifanya jumla igawanyike kwa 10. Hesabu hiyo niliiweka kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalokokotoa lenyewe, nayo ikafichua namba nyingi zilizokosewa wakati wa kunakiliwa. (Atakayejaribu aweke safu ya namba katika muundo wa maandishi kabla ya kuanza, la sivyo programu itafuta sifuri za mwanzo na kuzifupisha namba ndefu hadi zisisomeke.) Vitabu vikongwe visivyo na ISBN tulivipa namba zetu wenyewe, zinazoanza kwa herufi ili zisichanganywe na nyingine.

Kazi iliyohitaji subira zaidi haikuwa ya kompyuta. Baba alizoea kuandika mauzo ya dukani katika daftari na kuyajumlisha jioni, na kutwa nzima tovuti iliendelea kuuza nakala ambazo zimekwisha kuondoka. Sikumnyang'anya daftari lake. Tulinunua kifaa cha kusoma msimbopau (ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye jalada la kitabu), ambacho huingiza namba kwenye kompyuta kana kwamba imechapwa kwa kibodi, tukaunganisha mauzo ya dukani na hesabu ya tovuti, naye akaendelea kuandika kama kawaida. Leo daftari hilo ndilo tunalohakikia hesabu ya mashine. Vitabu vilivyotumika, ambavyo kwa kawaida huwa na nakala moja moja, huhamishwa kutoka rafuni mara vinapolipiwa, na kila kimoja hupigwa picha yake mwenyewe, pamoja na mgongo na ukurasa wenye taarifa za uchapishaji.

Uzito wa kila kitabu pia uliingizwa, kwa sababu gharama ya kutuma ilikuwa ikikisiwa na vitabu vinene vilitutia hasara.

Maelezo ya vitabu nilimwachia mama, msomaji kutuzidi sote. Maneno ya jalada la nyuma hunakiliwa na maduka mengi, hivyo hayampi mteja sababu ya kuchagua letu. Mama huandika aya fupi inayosema kitabu kinamfaa nani, na wakati mwingine hakimfai nani, jambo ambalo mwanzoni lilimtisha baba lakini limepunguza vitabu vinavyorudishwa.

Kila wiki tunachagua rafu moja na kulinganisha vilivyomo na orodha. Tofauti bado hujitokeza, hasa kwenye vitabu vya watoto, ambavyo wateja wadogo huvichukua na kuvirudisha popote wanapofikia.